Mtani Wangu, Nilidhani Wanamtania Tu

Nyemo amesema hataki kuishi.

Nimeliandika hivyo hivyo, Mama Doto, kabla ya salamu, kwa sababu unanijua. Nikianza na salamu nitapitia mvua, nitapitia zabibu, nitapitia mbuzi wa jirani walioingia shambani, na karatasi itaisha sijakuambia. Mwanangu Nyemo, yule uliyemfunga mgongoni kwa kanga yako siku nilizolala na homa, amesema kwa mdomo wake, mchana kweupe, tukimenya karanga mlangoni: "Mama, natamani nisingekuwepo." Hakuinua macho. Akachukua karanga nyingine, akamenya.

Yuko hai. Yuko ndani, namsikia anasogeza ndoo. Lakini amesema.

Sasa ndiyo nikusalimie. Wangaluka, mtani, nakuamkia kwa lugha ya kwenu. Ni mimi Mama Nyemo, Mgogo wako wa hapa Zuzu, yule uliyekuwa ukimpigia kelele mbele ya stesheni nzima: "Mgogo, bakuli lako liko wapi leo, abiria wanashuka!" Nami nakujibu: "Mpagazi wa Tabora, mzigo umeutupa njia gani, mwenye mali anakutafuta!" Wageni walikuwa wanasimama wakidhani tunapigana. Kuna mwalimu mmoja mgeni alikuja kutuamua, ukamwambia, "Wewe kaa pembeni, huyu ni mali yangu." Tulicheka mpaka uji wako ukaungua chini.

Siku hizi hakuna wa kunitukana. Tangu tukuzike watu wananiheshimu mno, naumwa na heshima. Pale ulipokuwa unauzia uji amekaa kijana anauza vocha na chaja za simu. Doto amejifungua binti, amempa jina lako, Kabula, na nikuambie ukweli, amechukua pua yako, maskini mtoto. Nilipomwambia Doto hivyo akacheka halafu akalia, nami nikalia, tukamwamsha mtoto.

Mimi si mwandishi, unajua niliishia darasa la saba, ingawa hati yangu mwalimu aliisifu mbele ya darasa zima na mpaka leo hakuna wa kuniambia kitu kwenye hati. Ninaandika kwa sababu dada mmoja wa ushauri kule hospitali, nitakuja kwake baadaye, aliniambia, "Mama, kifua kikijaa usimwage kwa majirani. Andika." Nikamwuliza Nyemo kama naweza kukuandikia wewe. Akasema, "Mama Doto mwandikie. Yeye hatamwambia mtu." Unaona mtoto alipofika. Mtu anayemwamini ni yule aliye chini ya udongo.

Ngoja nikuhadithie tangu mwanzo, na usiniingilie.

Uliondoka Nyemo yuko darasa la saba. Hukuona matokeo yake. Mtani, mtoto alifaulu! Alama zile watu walikuwa wanakuja kuniuliza kama ni za kweli. Akachaguliwa shule ya bweni, jina la shule silitaji, na wewe huna haja nalo. Nilitembea Zuzu yote. Nilikwenda hata kwa watu ambao hatusalimiani, nikawasalimia ili waniulize habari za nyumbani. Kanisani nilisimama kutoa shukrani, mchungaji akaniashiria nikae, nikajifanya sijaona. Ulikuwa unaniambia zamani, "Mama Nyemo, mtoto si redio, usimtangaze." Nilikuwa nakujibu kwamba wewe una wivu. Samahani, mtani. Samahani sana.

Alipokuja likizo ya kwanza alikuwa amekonda. Nikasema chakula cha shule. Nikampikia mlenda na ugali wa uwele, akala vizuri, nikatulia. Siku moja tunapogolea mizabibu, yeye mstari wake na mimi wangu, akasema kwamba bwenini kuna msichana anaitwa Rehema, yuko kidato cha pili, na wenzake watatu wanamfuata. Wanamsema yeye, Nyemo. Akiingia bwenini wanaimba na kugonga mabakuli, "Ombaomba kaja, ombaomba kaja." Wanaficha ndoo yake. Wakiona anaanza kulia wanaongeza.

Nikauliza, "Huyo Rehema kwao wapi?"

"Baba yake wa Tabora."

Mtani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo. Nikamwambia, "Mwanangu, hao si ni watani wako! Umenitisha bure. Mimi na Mama Doto tumeitana hivyo miaka yote. Mjibu! Mwambie mzigo kautupa wapi." Nikamfundisha na ya kujibu, tatu, zile kali. Akasema, "Mama, sio hivyo." Nikamwambia wewe umesoma sana mpaka hujui mila. Akageuka, akaendelea kukata matawi. Alikata hata yasiyotakiwa kukatwa, nami nikamgombeza kwa hilo.

Alisema, "Sio hivyo." Maneno mawili. Nayasikia nikikoroga ugali, nayasikia nikichota maji.

Sasa ngoja nikuambie lile ninaloogopa kuliandika.

Siku ya wazazi kutembelea watoto nilijiandaa kama nakwenda harusini. Kitenge kipya, kilemba cha juu. Kuku wa kukaanga, karanga, ubuyu, chapati. Nikataka bweni zima lijue mama wa Nyemo ndiye huyu. Tukakaa uwanjani chini ya turubai, nikauliza kwa sauti, "Rehema ni yupi hapa? Mtani wangu yuko wapi?" Nyemo akanivuta nguo. Nikajua ni aibu ya kitoto. Rehema akaja, msichana mrefu, mchangamfu, anaamkia kwa kupiga goti. "Shikamoo, mama." Nikamjibu, "Marahaba, mpagazi, mzigo uko wapi?" Akacheka kwa nguvu. Wenzake wakacheka. Nami ukinichekea, unanijua, umenimaliza. Nikawagawia kuku. Paja nililomtengea Nyemo nilimpa Rehema, kwa mkono wangu huu.

Halafu nikaanza kujisifu. Nilitaka waone Nyemo ametoka wapi na amefika wapi. Nikasema, "Huyu mnayemwona, huyu! Alikojoa kitandani mpaka darasa la nne! Godoro lake nililianika kila asubuhi, majirani wote mashahidi. Na leo angalieni, anaongoza darasa! Mungu hashindwi!"

Niliona nimemsifu. Naapa, mtani, mimi niliona nimemsifu. Nikamgeukia Rehema nikamalizia kwa kicheko, "Wewe mtanie tu mwanangu, mtanie mpaka akomae, analialia mno." Wasichana walikuwa wanaangaliana. Nyemo alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaondoka nimejaa furaha, kwenye basi nikamsimulia kondakta.

Niliyajua yaliyofuata baadaye sana, vipande vipande, kwa kinywa cha matroni na kwa kinywa cha Nyemo mwenyewe. Jioni ile ile walimwagia maji godoro lake. Wakaita bweni zima lije kuona. Kesho yake tena. Wakampa jina, silitaji, nimeahidi. Jina likatoka bwenini likaingia darasani, likafika kwa wavulana. Akiinuka kujibu swali mtu anaziba pua. Wakawa wanamwambia, "Mama yako mwenyewe ametupa ruhusa." Akaacha kunywa maji kuanzia saa tisa alasiri, ili asije kweli akapata aibu hiyo, mtoto wa watu, kwenye joto lile. Na usiku mmoja, kwa hofu yenyewe, ikamtokea kweli. Tangu hapo hakulala. Alikuwa anakaa kitandani ameegemea ukuta.

Mimi huku napigiwa simu. "Mama Nyemo, mtoto anaumwa tumbo." "Mama Nyemo, mtoto kichwa." Nikaenda, tukampeleka zahanati, hakuna kitu. Malaria hakuna, tumbo halina kitu. Matokeo ya mtihani yakaja, kutoka wa kwanza hadi huko chini. Unajua nilifanya nini? Nilinunua kipimo cha mimba, nikaenda nacho shuleni. Nilimsimamia mlangoni mwa choo kama askari. Kikaonyesha hana. Badala ya kumkumbatia nikamwambia, "Basi ni uvivu." Akasema, "Ndiyo, mama." Alisema ndiyo, mama! Nyemo ambaye alikuwa akibishana na mimi hata kuhusu chumvi!

Ndipo wakamruhusu aje nyumbani apumzike. Nikampa karanga za kumenya ili mikono isikae bure. Ndipo akasema lile.

Nilianza kuokota maganda moja moja na kuyarudisha kwenye ungo pamoja na karanga, sijui nafanya nini. Halafu nikasimama, nikavaa ndala zisizofanana, nikamshika mkono, tukapanda bodaboda watatu hadi mjini hospitali. Njia nzima nilimshika kiuno kama nimeiba mtu na naogopa kunyang'anywa.

Wakatupeleka kwa dada mmoja wa ushauri, mdogo, Doto anamzidi umri. Nikasema moyoni huyu ataniambia nini. Akamsalimia Nyemo kwa jina, akamwuliza moja kwa moja, mbele yangu, kama amewahi kufikiria kujiua. Hivyo hivyo! Nilitaka kumziba mdomo. Nilidhani anamfundisha. Nyemo akanyanyua uso, mara ya kwanza kwa wiki nzima, akasema, "Ndiyo." Halafu akalia kilio ambacho sijakisikia tangu alipokuwa na meno ya maziwa. Yule dada hakushtuka. Akamwambia, "Asante kwa kuniambia." Kumbe mtoto alikuwa anasubiri mtu mmoja amwulize bila kuogopa jibu.

Baadaye akanikalisha peke yangu. Alinieleza taratibu, nami nakuandikia nilivyoelewa. Alisema mtoto anayeonewa kila siku mwili wake hausubiri tena uonevu uje, unakaa umejikunja muda wote kama mtu anayesubiri kofi. Ndiyo tumbo lile. Ndiyo kichwa kile. Haigizi. Alisema akisemwa sana na watu wengi, mwisho anaanza kujisema mwenyewe, na hapo hata ukimtoa pale shuleni, sauti anakuja nayo nyumbani. Alisema umri huu mtoto anajiona kwa macho ya wenzake, na mimi nikimwambia "usiwajali" ni kama kumwambia mtu aliye kwenye mvua asilowe. Nikamwuliza, "Kwa hiyo ni ugonjwa?" Akasema ni maumivu, yanatibika, lakini yanataka muda, na yanataka nyumba isiyo na kelele. Akaniangalia. Nadhani alikuwa ameshanijua.

Kuna vitu alinitajia niviweke mbali na mtoto. Nimeviweka. Akasema Nyemo asiachwe peke yake kwa sasa, na tuwe tunarudi kwake kila wiki.

Nikamwambia habari za utani. Nilijitetea, mtani. Nikamwambia mila yetu, mimi na wewe, tulivyoitana. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, huyo rafiki yako, kuna kitu alikuwa hakigusi?"

Sikumjibu pale. Nimekuja kukujibu wewe.

Unakumbuka baba yake Nyemo alipoondoka? Alikwenda Morogoro kwa yule mwanamke, na Zuzu yote wakajua kabla yangu. Asubuhi yake nilikuja stesheni nimejikaza. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ajili yako, nimeshatunga na la kujibu, maana nilijua mtani hawezi kuacha nyama kubwa kama ile. Nikafika. Ukaniangalia. Ukanimiminia uji, ukasogeza kigoda, ukasema, "Leo moto umekataa kuwaka, njoo unisaidie kupuliza." Moto ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Tukapuliza wote, moshi ukatuingia machoni, nikapata sababu ya kulia. Na tangu siku ile hadi unakufa, hukuwahi, hata siku moja, hata ukiwa umenikasirikia, kumtaja mume wangu kwenye utani. Sikuwahi kukushukuru. Sikujua hata kama ulikuwa unafanya kitu.

Na mama yangu alipofariki. Ulikuja umevaa gauni lake, sijui ulilitoa wapi, na miwani yake, unatembea kwa kuchechemea kama yeye. Ukalala njiani kuelekea kaburini ukasema, "Hapiti mtu, bibi hazikwi mpaka Wagogo wanipe jogoo." Wafiwa tuliokuwa tumekauka kwa kulia tukajikuta tunacheka. Lakini ni wewe uliyebaki siku tatu nzima unasugua masufuria. Ni wewe uliyenishika nisidondoke udongo ulipoanza kuingia.

Mtani ana kazi. Ndiyo niliyosahau. Anakutukana kwa sababu siku ya msiba ndiye wa kwanza kufika, na wewe unamtukana vile vile, hakuna aliye juu ya mwenzake. Wewe ulinitukana, nami nikakutukana, tukagawana uji. Wale walikuwa wanne, Nyemo mmoja. Wao walicheka, yeye hakucheka. Kama upande mmoja tu ndio unaocheka, mtani, hapo hakuna mila yoyote. Nimekaa na utani maisha yangu yote, nimeula na kuushiba, na nilishindwa kuona kwamba mwanangu anaonewa, kwa sababu tu yule binti kwao ni Tabora. Tena nilimpa kuku.

Nilimpigia simu mama yake Rehema. Nilipiga kwa hasira, nilikuwa nimepanga maneno. Nikaanza, naye akaniacha nimwage yote. Halafu akasema, "Dada, mwanangu alifanyiwa hayo hayo akiwa kidato cha kwanza. Alinyolewa nusu kichwa. Niliambiwa ni ukaribisho wa shule." Akaanza kulia. "Nilimwambia avumilie. Sasa ameyafanya kwa mwenzake." Nilikosa pa kuiweka hasira yangu. Nilikuwa kama nimemshika mwizi, nikageuza uso wake nikakuta ni mtoto, na nyuma yake mama mwenye ndala zisizofanana kama mimi.

Simwonei huruma sana Rehema, nisikudanganye. Bado. Lakini nimemwogopea na yeye.

Hofu yenyewe sijui nikueleze vipi. Unakumbuka nilivyokuwa siogopi kitu, niliyemfukuza fisi kwa mwiko? Sasa naogopa mlango ukifungwa. Nyemo akienda chooni nahesabu. Nikifika hesabu niliyojiwekea naita, "Nyemo!" Ananijibu, "Nipo, mama." Jana aliniambia, "Mama, unaniita sana," nikamwambia nataka kujua kama maji yapo. Akasema, "Maji yapo. Na mimi nipo." Alikaribia kutabasamu. Nikaingia jikoni nikashika ukuta.

Akilala mchana nasimama kizingitini nione kama shuka linapanda na kushuka. Akila nahesabu matonge. Akicheka naogopa zaidi, nasema labda ananificha. Akinyamaza naogopa. Jirani akipita na kuuliza, "Nyemo hajarudi shule?" nageuka haraka kama nimekamatwa na kitu. Wiki iliyopita Mama Asha aliuliza hivyo, na mtani, niliona mdomo wangu unafunguka. Nilikuwa nakwenda kusema. Nilikuwa nakwenda kulia mbele yake na kumweleza yote, jina lile, godoro, kila kitu, ili anionee huruma. Nyemo alikuwa dirishani. Nikamwona. Nikasema, "Anapumzika," nikaingia ndani. Neno moja. Mimi! Hapo ndipo nilipojua kwamba mdomo huu bado ni hatari, na hofu yangu kubwa kuliko zote ni hiyo: kwamba siku atakapoanza kupona nitataka kutangaza kwamba amepona.

Sasa kuna kikao. Shangazi yake wa Mpwapwa ndiye aliyeanza kusema, kwamba jambo la mtoto haliwezi kukaa kwa mama mmoja. Nikamwuliza Nyemo kwanza. Hilo nimejifunza, namwuliza. Alikaa siku mbili. Akasema waje, lakini Rehema asije, hayuko tayari kumwona. Nikamwuliza yule dada wa ushauri, akasema sawa kabisa, mtoto ndiye anayejua mlango wake unafunguka kiasi gani, tusimlazimishe kupatanishwa ili watu wazima tujisikie vizuri. Basi atakuja mama yake Rehema peke yake. Watakuja mwalimu mkuu na matroni, nao wamesema lile bweni limeshapangwa upya na wale wasichana wameitiwa wazazi wao, wanazungumza nao kila mmoja peke yake. Tutaangalia kama Nyemo arudi kule au ahamie shule ya kutwa hapa karibu, alale hapa nyumbani. Atakuja shangazi. Atakuja Doto na Kabula mdogo, kwa sababu Nyemo amesema anataka mtoto awepo, na kwa sababu mtu wa kwako lazima awepo.

Na Nyemo ametoa sharti. Alinipa karatasi iliyokunjwa. Ameandika kwa hati yake ile, kama yangu lakini nzuri zaidi, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Ameandika maneno ambayo ndiyo pekee ninayoruhusiwa kuyasema siku hiyo: "Nilisema ya mwanangu bila kumwuliza, nikawapa watu ruhusa ya kumuumiza. Nimekosa. Kuanzia leo ya Nyemo atayasema Nyemo." Basi. Hakuna la kuongeza. Nisieleze nilikuwa na nia gani. Nisilie kwa sauti mpaka watu waache kumwangalia yeye wanibembeleze mimi. Haya ameyasema kwa mdomo, nami nikaona jinsi anavyonijua.

Nayajaribu kuyasema peke yangu shambani, kati ya mizabibu. Nikimaliza, ulimi unataka kuendelea, unataka kuongeza kwamba ni mtoto mwenye akili, kwamba aliongoza darasa. Nauma midomo. Naanza upya.

Naogopa kwamba nitasimama mbele yao nikapitiliza. Naogopa nitasema vizuri na bado asitoke chumbani. Ameahidi atajaribu, hakuahidi atatoka. Naogopa kwamba nimechelewa. Yule dada anasema hatujachelewa, mtoto anayesema bado anataka kusikilizwa. Nayashika maneno yake, mtani, lakini mkono unatoka jasho.

Nakuahidi hivi, wewe uliyenisitiri bila mimi kujua. Nitamsitiri huyu. Nitakula maneno yangu hata yakinichoma koo. Nikishindwa siku moja, nitaomba msamaha siku hiyo hiyo, sitasubiri. Nitamwuliza kila siku anajisikiaje, na nitakaa nisikilize jibu hata likiwa baya, hata likiwa lile lile. Na kama kuna siku atanitania yeye mwenyewe, nitamjibu polepole, nione kwanza kama anacheka.

Lala salama, Mama Doto, mpagazi wangu. Mzigo umeutua, pumzika. Nilikufahamu miaka mingi na sikukufahamu, nisamehe hilo pia. Nimekumiss mpaka mbavu zinauma. Nimeshafagia uwanja, nimeazima viti kanisani, Nyemo amechagua mwenyewe kitakachopikwa. Ananiita sasa hivi kutoka ndani, anataka nimshikie kioo asuke nywele zake. Nakwenda. Watu wote wameambiwa waje Jumamosi hii, saa nne asubuhi.